Onyo la Tufani Huandikwa kwa Ajili ya Nani?

Tumezoea maelezo mawili kuhusu vifo vinavyoletwa na tufani. Ya kwanza yanasema kwamba watu hawakuonywa. Ya pili yanasema kwamba walionywa wakapuuza. Wanaotawala huyapenda ya pili, kwa kuwa yanamtwika marehemu lawama; wanaopinga huyapenda ya kwanza, kwa kuwa yanaitwika ofisi. Historia niliyoisoma na kuifundisha inanielekeza kwenye jambo la tatu, ambalo ni gumu zaidi kulikubali: mara nyingi onyo lilikuwapo, lilitolewa mapema, tena lilikaribia sana ukweli, lakini halikuandikwa kwa ajili ya yule aliyekufa.

Nitatumia mifano ya tufani za theluji za Marekani, na nimezichagua makusudi. Kwa kuwa ziko mbali na mvua zetu za masika, huenda tukaweza kuzitazama bila kila mmoja wetu kukimbilia upande wa chama chake.

Tarehe 12 Januari 1888 ilikuwa siku ya Alhamisi. Katika mbuga za Dakota na Nebraska siku zilizotangulia zilikuwa za baridi kali, kisha asubuhi ile hewa ikalegea ghafla. Wakulima waliokuwa wamefungiwa ndani walitoka kwenda kulisha mifugo na kutafuta kuni au makaa. Watoto walikwenda shule, wengi wao bila makoti mazito. Kisha, katika sehemu za magharibi kabla ya adhuhuri na katika sehemu za mashariki wakati shule zinakaribia kutawanyika, ukaja ukuta mweusi kutoka kaskazini-magharibi. Theluji yake haikuwa ile ya vipande laini inayochorwa kwenye kadi za Krismasi. Ilikuwa vumbi kavu, jembamba kama unga uliochekechwa, lililosukumwa na upepo kwa nguvu kiasi kwamba mtu hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe. Kope ziliganda. Watu walikufa hatua chache kutoka milangoni mwao kwa sababu hawakujua mlango uko upande gani. Kufikia alfajiri ya kesho yake, katika baadhi ya sehemu kipimajoto kilikuwa kimeshuka chini ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Hesabu ya vifo inayotajwa mara nyingi ni 235, na kwa kuwa wengi walikuwa watoto waliokuwa wakirudi nyumbani, tufani hiyo ikabaki na jina la watoto wa shule.

Je, hawakuonywa? Marekani wakati huo ilikuwa na idara ya hali ya hewa iliyokuwa imefanya kazi kwa miaka 18. Ilianzishwa mwaka 1870 ndani ya jeshi, katika Kikosi cha Ishara, kwa hoja kwamba askari wenye nidhamu na waya za telegrafu ndio waliofaa kukusanya vipimo vya nchi nzima kwa wakati mmoja. Katika mji wa Saint Paul, Minnesota, ofisa aliyeitwa Luteni Thomas Woodruff alikuwa na kazi ya kutoa utabiri wa eneo lote lile. Usiku wa kuamkia tarehe 12 alikwisha kuandika kwamba theluji ingepeperushwa kwa wingi, na kwamba wimbi la baridi lilikuwa likielekea Dakota na Nebraska. Tukizingatia vyombo alivyokuwa navyo, kazi yake haikuwa mbaya hata kidogo.

Lakini fuata safari ya maneno yale. Yalipita katika waya hadi miji yenye ofisi za telegrafu, yaani miji iliyokuwa kandokando ya reli. Huko yangeweza kuchapishwa gazetini au kutangazwa kwa bendera: bendera nyeupe yenye mraba mweusi katikati, alama ya wimbi la baridi. Mkulima aliyeishi kilomita 15 kutoka kituo cha reli, katika nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi, aliionaje bendera hiyo? Na hata angeiona, wengi wa walowezi wale walikuwa Wanorwe, Waswidi, na Wajerumani waliohamia kutoka Urusi. Kiingereza cha gazeti hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Bendera ya wimbi la baridi ilikuwa na wasomaji wake hasa: wenye reli, wasafirishaji wa mifugo, wafanyabiashara wa matunda na nyama waliohitaji kujua kama shehena ingeharibika njiani. Hao walikuwa mjini, walikuwa na telegrafu, na walikuwa na sauti Washington.

Tusisahau pia jinsi walowezi walivyofika huko. Sheria ya mwaka 1862 iliwaahidi ekari 160 kwa atakayekaa na kulima. Kampuni za reli, zilizokuwa na ardhi ya kuuza na mabehewa ya kujaza, zilitangaza mbuga zile Ulaya kama nchi ya neema. Aliyekuwa na haja ya kuuza ardhi hakuwa na haja ya kueleza sana juu ya Januari. Wenyeji asilia wa mbuga zile, akina Lakota na wenzao, waliijua Januari vizuri. Lakini wao walikuwa wamekwisha kusukumwa katika maeneo yaliyotengwa, na hakuna ofisa aliyewauliza.

Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo, maana lugha ya tahadhari ina historia yake, na historia hiyo haikuanzia Marekani. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilivunjika katika pwani ya Anglesey nchini Wales, na zaidi ya watu 450 wakafa. Robert FitzRoy, yule nahodha aliyemchukua Charles Darwin katika meli ya Beagle, alikuwa wakati huo mkuu wa idara ndogo ya hali ya hewa ya Uingereza. Kutokana na msiba ule alianzisha, mwaka 1861, utaratibu wa kutuma maonyo bandarini kwa telegrafu. Bandari ikipata onyo ilipandisha mlingotini koni au ngoma za turubai. Mwaka huohuo akaanza kuchapisha utabiri gazetini. Kwa Kiingereza alijitafutia neno jipya la kuuita, kwa sababu hakutaka achanganywe na watu wa unajimu na wabashiri.

Kwetu sisi jambo hilo lina utamu wa pekee. Neno letu *utabiri* linatokana na Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. FitzRoy alihangaika kulikimbia kundi la waaguzi, sisi tumeliweka katika jina lenyewe la kazi, kisha tunashangaa mtu anaposema, "Watu wa hali ya hewa walitabiri mvua, mbona haikunyesha?" Anayesema hivyo anamdai mtabiri kile anachomdai mwaguzi, yaani ndiyo au hapana.

FitzRoy alilipa gharama kubwa. Wanasayansi walimcheka alipokosea, na baadhi ya wenye vyombo vya uvuvi hawakufurahi kuona mabaharia wakikataa kutoka kwa sababu ya koni mlingotini. Alijiua mwaka 1865. Kamati iliyochunguza kazi yake ilisema haikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi, na mwishoni mwa mwaka 1866 maonyo yakasimamishwa. Mwaka uliofuata yalirudishwa. Waliodai yarudi walikuwa watu wa bandarini, ambao hawakuhitaji kuambiwa kama onyo lina msingi wa kisayansi. Walichohitaji ni sababu ya kubaki ufukoni ambayo tajiri wa chombo hangeweza kuibishia.

Tangu hapo kila idara ya hali ya hewa imeishi na hofu mbili: hofu ya kunyamaza watu wakafa, na hofu ya kusema watu wakacheka. Kwa muda mrefu hofu ya pili ndiyo iliyoshinda. Idara ileile ya Kikosi cha Ishara, katika miaka hiyohiyo ya 1880, ililipiga marufuku neno *tornado* katika utabiri wake kwa kuhofia taharuki, na marufuku hiyo ikadumu hadi karne ya 20. Utabiri wenyewe uliitwa rasmi "dalili". Woodruff, basi, aliandika kwa lugha ya dalili, katika ofisi ya jeshi, kwa wasomaji wa mjini. Hakuna aliyempa kazi ya kumwambia mwalimu wa kijijini: usiwaruhusu watoto watoke.

Na mwalimu ndiye aliyekuwa na uamuzi mkononi. Walimu wengi wa shule zile za chumba kimoja walikuwa wasichana waliokaribia umri wa wanafunzi wao wakubwa. Minnie Freeman, huko Nebraska, paa la shule lilipong'olewa na upepo aliwaongoza watoto wote hadi nyumba ya jirani wakiwa hai. Magazeti yalimpamba, akatungiwa wimbo, michango ikakusanywa. Lois Royce, karibu na Plainview katika jimbo hilohilo, alibaki shuleni na watoto watatu. Alasiri moto ulikufa kwa kukosa kitu cha kuchoma. Nyumba aliyopanga haikuzidi mita 200 kutoka hapo. Alitoka nao, wakapotea njia, na watoto wote watatu wakafa usiku ule. Yeye alipona akiwa amekatwa miguu.

Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu tofauti ya wanawake hawa wawili ni nini. Wengi hujibu ushujaa. Mimi naona kuni. Royce hakukosa ujasiri wala mapenzi kwa watoto; shule yake ilikosa akiba ya kuni ya usiku mmoja. Katika nchi isiyo na miti, ambako watu walisokota nyasi kavu ili kupata cha kuchoma, akiba ya shule lilikuwa jambo la kodi, la kamati, la bajeti. Wimbo wa shujaa ulisaidia sana kulisahaulisha swali hilo. Ni tabia ya jamii nyingi, yetu ikiwamo: tunampa mwalimu cheti cha pongezi kwa kuwavusha watoto mtoni, na daraja tunaliacha lilivyo.

Mkuu wa idara nzima wakati ule alikuwa Jenerali Adolphus Greely. Huyu si mtu wa kudharau habari za baridi. Aliongoza msafara wa Aktiki wa watu 25 ulioanza mwaka 1881. Meli za kuwapelekea chakula zilishindwa kufika mwaka 1882 na tena 1883, na walipookolewa mwaka 1884 wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa na baridi. Lau kungekuwa na mtu Marekani aliyejua maana ya kungoja msaada usiofika, ni yeye. Hata hivyo idara yake iliendelea kuandikia miji ya reli. Mwezi Machi mwaka huohuo tufani nyingine iliifunika New York na miji jirani, ikaua zaidi ya watu 400, na safari hii waliofukiwa na theluji walikuwa wenye magazeti na mabenki. Kwa uamuzi wa mwaka 1890, idara ikatolewa jeshini na kukabidhiwa Wizara ya Kilimo kuanzia Julai 1891. Sisemi kwamba tufani peke yake ndizo zilizoleta mageuzi hayo, maana mvutano wa jeshi na raia ulikuwapo kabla. Lakini jina la wizara mpya linatosha kueleza ni wasomaji gani walikuwa wamesahaulika.

Msomaji atasema: hayo ni ya zamani za telegrafu; leo kila mtu ana simu. Basi tuje Texas, Februari 2021. Safari hii watabiri walisema wazi siku kadhaa kabla, na ilifika hatua kaunti zote 254 za jimbo hilo zikawa chini ya onyo la tufani ya theluji kwa wakati mmoja. Gavana alikwisha kutangaza hali ya maafa. Onyo lilisomwa na kila mtu. Hata hivyo zaidi ya wateja milioni 4.5 wa umeme waliachwa gizani, wengine kwa siku kadhaa, na hesabu rasmi ya jimbo ikawa vifo 246, wengi kwa mwili kupoteza joto ndani ya nyumba. Wasimamizi wa gridi walieleza baadaye kwamba zilibaki dakika 4 na sekunde 37 mfumo mzima uanguke.

Onyo lililohitajika Texas lilikuwa limetolewa miaka kumi kabla, nalo halikuelekezwa kwa mwenye nyumba. Baada ya baridi ya Februari 2011 kukata umeme, ripoti ya wasimamizi wa nishati wa shirikisho ilieleza kwamba mitambo na visima vya gesi vikingwe dhidi ya baridi, na ikakumbusha kwamba jambo hilo lilikwisha kusemwa baada ya baridi ya mwaka 1989. Gridi ya Texas imejitenga na majimbo mengine tangu miaka ya 1930, kwa makusudi, ili isiangukie chini ya sheria za shirikisho. Ushauri ukabaki ushauri. Mwaka 2021 visima vikaganda, mitambo ikazima, na baadhi ya vituo vya gesi vikakatiwa umeme uleule viliotakiwa kuuzalisha. Mwananchi yeye aliambiwa anunue maji na betri.

Waliokosa umeme wakatafuta joto kwa njia walizozijua. Wengine waliwasha magari ndani ya gereji, wengine wakaingiza ndani majiko ya mkaa, na hewa ya monoksidi ya kaboni ikawaua. Hapa msomaji wa Njombe, Makete au Limuru hahitaji maelezo ya ziada. Kila msimu wa baridi tunazika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Buffalo, jimbo la New York. Kabla ya tufani ya Desemba 2022 watabiri walisema bila kuficha kwamba lilikuwa tukio la mara moja katika kizazi. Nieleze kidogo ngazi zao, maana ni muhimu kwa hoja yangu. Ngazi ya awali, itolewayo hata siku mbili au tatu kabla, ina maana kwamba hali inawezekana. Bado haijathibitika, lakini huu ndio wakati wa kununua chakula na dawa. Ngazi ya juu ina maana kwamba hali inakuja au imekwisha kuingia, na wakati wa kununua umepita. Tena kile wanachokiita *blizzard* hakipimwi kwa wingi wa theluji, bali kwa upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi na macho kutoona zaidi ya mita 400, kwa muda wa saa tatu mfululizo. Buffalo hali hiyo ilidumu saa 37.

Amri ya kuzuia magari barabarani ilianza kutumika Ijumaa tarehe 23, saa 3:30 asubuhi. Kwa mtu wa ofisini, hiyo ni amri ya kubaki nyumbani na chai yake. Kwa mhudumu wa hospitali, mpishi au mlinzi, ni amri iliyomkuta kazini au njiani. Watu 47 walikufa katika kaunti ile, wengine ndani ya magari, wengine katika nyumba zilizokosa umeme, wengine wakisubiri gari la wagonjwa. Wengi wa waliokufa ndani ya jiji walikuwa watu weusi. Utabiri haukukosea mahali popote. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kumwambia mwajiri, mapema usiku wa Alhamisi, kwamba asiwaite watu kazini.

Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa nayo ina ngazi zake: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa, pamoja na kiwango cha uwezekano na kiwango cha athari. Ni utaratibu mzuri, na wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024, taarifa zilianza kutoka kabla ya kimbunga kufika pwani, na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasitisha safari. Lakini kampuni ya boti ikisimama siku mbili inapunguza faida. Mvuvi wa Mafia akisimama siku mbili anapunguza mlo. Taarifa ileile, uzito tofauti.

Mhitimu wetu mmoja anaishi Buffalo, ambako kuna Wakongo wengi waliofika kutoka kambi kama Nyarugusu na ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Idara ya Marekani ilianza miaka ya karibuni kutafsiri maonyo yake kwa mashine katika Kihispania, Kichina, Kivietinamu, Kifaransa na Kisamoa. Mwezi Aprili 2025 huduma hiyo ilisimama kwa sababu ya mkataba, kisha ikarudishwa kabla mwezi haujaisha. Kiswahili hakimo. Aliniandikia akitaka tumsaidie kuandaa maneno ya kuwatumia watu wa kanisa lake, nasi tukabishana kwa siku kadhaa. Mimi nilipendekeza "angalizo" na "tahadhari", kama tulivyozoea. Alikataa: kwa mama aliyelelewa Uvira, alisema, maneno yote mawili ni "angalia", na hayamwambii afanye nini. Tukaishia kwenye vitenzi. Ngazi ya kwanza: "Inaweza kuja. Nunua leo." Ngazi ya pili: "Imefika. Usitoke, hata ukiitwa kazini." Maneno hayo manne ya mwisho aliyaongeza yeye, akijua vema kwamba baadhi ya watakaoyasoma watatoka tu, kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri. Kisha akaongeza mstari wa mwisho kwa Kiswahili cha kwao, ambamo mkaa huitwa makala (nami nimekaa nikiandika makala ya aina nyingine) na jiko huitwa mbabula: umeme ukikatika, usiingize mbabula ndani.